Ini la Paka

Enzi hizo wanyama wakitibiana wenyewe, Mbwa aliugua, akagoma kula. Mbuzi alimchemshia mwarobaini, Kuku akamletea uji, wote wakambembeleza: "Kunywa japo funda moja, baba." Mbwa akawageuzia mgongo. Na kila jioni Fisi alipita kumjulia hali mgonjwa.

"Hajala bado?" aliuliza, akilamba midomo. "Masikini! Basi kesho nitapita tena."

Paka, aliyeishi na Mbwa ua mmoja miaka yote na kumjua fika, akachoka. "Acheni kumbembeleza," akawaambia. Akachukua kipande cha ini, akakichana, akashindilia dawa ndani, akakiweka mbele ya pua ya Mbwa.

"Jirani, naenda kuota jua. Ini hili ni langu, nilindie. Ole wako ukiligusa!"

"Nalitakia nini ini lako?" Mbwa akanguruma.

Paka akajibanza nyuma ya mtungi. Mbwa akalitazama ini, akautazama mlango, akalitazama tena ini. Mara akalimeza lote, hata hakutafuna.

Siku tatu Paka alimwachia Mbwa ini amlindie, na siku tatu likaibwa. Siku ya nne, Fisi alipochungulia tu, mgonjwa aliruka akamkimbiza hadi ng'ambo ya mto.

Akarudi akihema, kifua mbele. "Paka, maini yako nimeyala mimi, na wala hukujua!"

"Mwizi mkubwa wee!" Paka akamaka, akikizuia kicheko. "Na hayakuwa machungu?"

"Machungu?" Mbwa akashangaa. "Cha mwenzio kina uchungu gani?"