Mgongo wa Mfalme

Bigirimana aliikuza ile picha kwa vidole viwili mpaka mgongo wa yule mwanamume ukajaa kioo chote cha simu. Ulikuwa mgongo tu, uso haukuwepo. Mwanamume ameketi kifua wazi kwenye baraza ya hoteli, anatazama ziwa, na chini ya picha mkewe ameandika: "Mfalme wangu." Watu elfu kumi na mbili walikuwa wameipenda. Yeye hakuipenda.

Ilikuwa ya nne mwezi huo.

Mke mwenyewe ni Veneranda, ambaye Kigoma nzima inamjua kama Vene wa Ziwa, mwimbaji. Kwamba ana mume hakuna aliyejua, isipokuwa padri, mashahidi wawili na Hamdani, kijana anayeendesha ukurasa wake. Hamdani ndiye aliyesema msanii mwenye mume hauziki, mwenye mpenzi wa siri ndiye anayeuzika. Na kwa kazi yake hiyo Hamdani ni fundi kwelikweli: alimpiga Vene picha juu ya stuli ya jikoni, kesho yake mashabiki wakamwona amekaa ndani ya ndege.

Bigirimana aliukubali mpango huo kwa mikono miwili. Alikuwa ametoka kambi ya wakimbizi bila kibali, mwaka wa tatu sasa, na askari walikuwa wakipita mtaa kwa mtaa kuwakusanya Warundi wa namna yake na kuwarudisha. Kwa hiyo alishinda ndani, kwenye chumba chao cha Bangwe, uso dirishani na mgongo mlangoni, akimshonea mkewe magauni ya jukwaani. Joto likizidi alivua shati. Siku ya ndoa Vene alimwapia kwamba sura yake haitaonekana kwenye simu ya mtu yeyote, na kiapo hicho hakuwahi kukivunja.

Lakini sasa mume anapiga cherehani, na mfalme anapunga upepo hotelini. Kwa wivu Bigirimana aliiacha hata chai yake ikapoa.

Aliyasoma maoni ya mashabiki yote, moja baada ya jingine, kwa ule utamu mbaya wa kujitonesha kidonda. Wanawake wa watu waliusifia mgongo ule bila haya. Mmoja alisema mgongo huo unatosha kuegemewa na ukoo mzima. Bigirimana alichukua kioo chake cha kunyolea, kidogo kama kisosi, kikamwonyesha mashavu yaliyobonyea na macho mekundu. Alijua hawezi kushindana na mtu yule.

Siku moja alithubutu kumwuliza mkewe, naye anajaribu gauni la kijani lililotoka kwenye sindano saa ile ile.

"Huyu mtu ni nani, Vene?"

Vene alicheka mpaka akakaa. "Unamwonea wivu huyo? Ngoja wimbo utoke, nitakuonyesha kitu."

Kisha akapita nyuma yake, akambusu kisogoni, akatoka. Bigirimana alibaki ameshika mkasi. Aliona mkewe amefika mahali hata kumtazama usoni hawezi tena.

Picha ya tano iliwekwa Jumatano, nayo ilipigwa kwa karibu. Hapo ndipo alipoziona chale. Zilikuwa ndogo, zimefifia, katikati ya mabega. Alizijua. Kwao mtoto mchanga akishikwa na kichomi, bibi humchanja mgongoni na kumpaka dawa. Kambini, kwenye bomba la kuogea, alikuwa ameziona kwa wanaume wengi, na nusu yao hawakukumbuka hata kama wanazo.

Kumbe Mrundi. Angekuwa tajiri wa Dar, Bigirimana angeuma meno akanyamaza. Lakini Mrundi mwenzake, aliyetoka kwenye foleni ile ile ya unga, anakalia baraza za hoteli na kuitwa mfalme, hilo halikumezeka.

Kwenye nguzo ya umeme nje ya nyumba ilibandikwa namba ya kutoa taarifa za watoro wa kambini. Bigirimana aliikariri zamani, kwa hofu. Usiku alitoka akanunua laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, akaandika polepole, asikosee:

"Anayejificha kwenye picha za Vene wa Ziwa ni mkimbizi, hana kibali. Mgongoni ana chale tatu kushoto, nne kulia, ya mwisho imepinda. Jumamosi Vene anakwenda Mwamgongo kurekodi video. Mfuateni, mtamkuta."

Alijua fika neno "mkimbizi" linamfanya nini mtu. Ndiyo maana alilichagua. Akatuma, akaivunja laini, akaitupa chooni.

Jumamosi Vene aliondoka na boti ya asubuhi. Bigirimana alivua shati, akashona huku akipiga mluzi, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi akasikia njaa.

Saa nne mlango ulisukumwa. Walikuwa askari wawili. Bigirimana hakuinuka kwenye stuli. Kijana alibaki mlangoni. Mkubwa alizunguka cherehani, akasimama dirishani, akamsogezea simu usoni.

"Tumeanzia hapa anapoishi huyu dada. Tunamtafuta huyu."

Bigirimana alitazama. Ulikuwa mgongo ule ule, baraza ile ile. Hawakumfuata yeye.

"Simjui, afande," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kweli kabisa. "Ila mkimpata, naomba na mimi nimwone."

Askari mkubwa alikuwa anamtazama mwenzake aliyesimama kule mlangoni.

"Tatu kushoto," alisema yule kijana nyuma ya Bigirimana, akihesabu taratibu. "Nne kulia. Ya mwisho imepinda."