Mstari wa Chini ya Jina

"Mume wa safrajeti," mwanamke alirudia. "Chonga hivyo hivyo, chini ya jina lake."

Thwaite, mchonga mawe ya makaburi, akaweka patasi chini. Manchester nzima ilimjua Harold Pickersgill, mwandishi wa gazeti aliyezikwa Jumanne. Alijigamba mpaka kufa kwamba neno hilo alilitunga yeye.

"Bibie, unanitania. Huyu mtu hakutaka hata kuwasikia wanawake wanaodai kura."

"Waliitwa safrajisti, jina la heshima. Yeye akalikata mkia, akalibandika kijimkia chake, ikawa kama kusema vijike vya kura. Siku hiyo alicheka mpaka chai ikamtoka puani."

"Nanyi mkalidaka."

"Tukalidaka. Tukalipaka kwenye mabango, tukalipigia kelele barabarani, mpaka likawa linamchoma yeye."

Alikuwa amevaa nguo nyeusi tupu. Thwaite alidhani ni kwa ajili ya Ada, rafiki yake aliyemtaja mara tu alipoingia. Ada aligoma kula jela, akalishwa kwa mrija wa mpira uliosukumwa kooni, akatoka akitema damu. Hakumaliza mwezi. Wiki ya mazishi yake, Pickersgill aliandika gazetini kwamba kijike kimoja kimesusia chakula cha bure.

"Uchungu wako nauona," Thwaite alisema. "Lakini jiwe si gazeti, kwamba kesho litafungiwa samaki. Nikimsingizia maiti mke wa namna hiyo, nani ataniletea kazi tena?"

"Kwa hiyo tatizo lako ni uongo tu?"

"Ni uongo tu! Ingekuwa kweli, ningechonga herufi za shibiri nzima, na nisingekutoza hata peni moja." Akacheka, kisha akakuna kichwa. "Sasa mjane wake akija kuliona? Si atanifikisha mahakamani?"

"Hatakufikisha."

"Kwani unamjua?"

Mwanamke akavua glavu ya kushoto, taratibu, kidole kimoja kimoja. Akaulaza juu ya jiwe mkono wenye pete ya ndoa.

"Asiyemjua alikuwa Harold," alisema. "Chonga."