Pengo kwenye Tairi

"Patron, hii Suzuki yako imeazima viatu vya baba yake!"

Mteja akacheka mpaka miwani ikamteleza puani. "We Mazin, acha maneno. Ni magurudumu ya pikapu yangu ya zamani. Nitilie upepo tu."

Upepo utiwe kilo ngapi, hakuna aliyejua, maana kipimo cha magurudumu madogo ya awali hakikufaa tena. Mazin akafanya kama wafanyavyo mafundi wa mtaa wa Jabe: akalipaka tairi chaki, akasukuma gari juu ya sementi. Chaki ikajichapa sementini kwa katikati ya tairi tu. Upepo umezidi! Akapunguza, akasukuma tena.

Safari hii alama ilijaa toka ukingo hadi ukingo. Nakshi za tairi zilijichapa kama matofali: tofali, tofali, tofali, kisha tofali moja lililomeguka pembeni, mfano wa jino lililovunjika.

Mzaha ukamkauka mdomoni. Akapiga magoti, akaweka kidole gumba juu ya lile pengo. Kikatosha sawasawa, kama kilivyotosha mwaka jana kwenye matope ya Kanyosha, mlangoni kwa dada yake, katika alama ya gari la wale wenye bunduki waliomchukua shemeji yake akiwa na kandambili moja tu mguuni. Mpaka leo hajarudi.

"Upepo umekaa sawa?" mteja akauliza.

"Umekaa, patron." Sauti yake ilikuwa kama ya mtu mwingine. "Hii pikapu, mwaka jana nani alikuwa anaiendesha?"

"Mi mwenyewe," mteja akajibu kwa majivuno. "Usukani wangu mi simupi mutu."