Mlima Ulioishinda Land Rover

Ikisimama, Land Rover ya serikali ilinguruma vizuri tu. Ikipewa mlima ilikohoa, ikalegea, ikazima. Ndivyo ilivyomfanyia Citoyen Kalaba, ofisa wa chama, njiani kwenda Kambove, akafika mkutanoni nyimbo zimekwisha na wakubwa wamekwisha kuondoka.

Sasa alikuwa mlangoni mwa karakana ya Mwansa, Lubumbashi, pamoja na askari wawili. Dereva wake, Mukuka, aliketi sakafuni amefungwa kamba mikononi.

"Aliuzisha esanse, akatia mayi," alisema Kalaba, akionyesha tangi la petroli. "Ao kama kuko muntu mwingine alishika motokari ya État, aseme jina. Siku mbili anakatala. Mwenye alifanya ni saboteur."

Waliochukuliwa kwa neno hilo, mhujumu, hawakuwa wakirudi. Mwansa, fundi ambaye mji mzima ulimsifia mikono yake, alifungua kabureta.

"Tazama muzuri, yaya," alisema Mukuka polepole, akimwita kaka kama siku zote. "Unanijua."

Alimjua sana. Mukuka ndiye aliyesimamia ubatizo wa mwanawe wa kwanza.

Mwansa alimimina petroli ya kabureta kwenye bakuli, akaitazama juani. Maji yangejikusanya chini kama shanga. Hapakuwa na hata tone. Akachomoa kipande kidogo chenye tundu linalopima petroli, akakipuliza. Chembe nyeupe zikamwangukia kiganjani. Alizisugua kwa mate, zikatoa povu.

Akajilaza chini ya gari. Tangi lilikuwa na ufa, nao ulikuwa umezibwa kwa sabuni ya kufulia, kama mafundi wafanyavyo tangi likivuja mbali na mji. Safari hii sabuni ilikuwa imegandamizwa mno, ikapenya ndani. Ukweli wote ulikuwa pale, na ulitosha kumfungua Mukuka kamba.

Alipotoka, chembe zile alikuwa amezipangusa kwenye suruali.

"Iko mayi, chef," alisema.

Askari walipompitisha Mukuka karibu na Mwansa, aliinama kidogo kama mtu anayeaga.

"Nilijua ni ile sabuni ulibandika kule Lukafu, siku tangi ilivuja," alinong'ona. "Sikubaambia jina yako, yaya, juu uko na batoto."