Ndoo Mbele ya Bomba

Redio ilipotangaza kwamba nchi imesamehewa madeni yake, Bi Kidawa alinyakua ndoo akaenda nayo mbio bombani. Bomba lile lilijengwa kwa mkopo, na serikali iliposhindwa kulipa, likatiwa kufuli. Tangu hapo mji mzima ulikunywa maji ya chumvi ya kisimani, na sasa mjukuu wake mchanga alikuwa akiharisha.

Alikuta ndoo zimeshapangwa mpaka barabarani. Akaiweka yake nyuma na kutia jiwe ndani isipeperushwe na upepo. Ndiyo desturi yao: ndoo ikishapangwa, nafasi ni yako hata ukienda zako.

Machano, mlinzi wa bomba, alifungua kufuli lililoota kutu. Wanawake wakapiga vigelegele. Akazungusha koki. Bomba likakohoa, likatema vumbi na sisimizi wachache, kisha likanyamaza.

"Labda maji yako mbali, mwanangu," alisema Bi Kidawa. "Yape muda."

"Mama, mabomba ya huko juu yaling'olewa zamani. Yaliuzwa kulipia deni."

"Lakini si tumesamehewa?"

"Tumesamehewa, mama."

Machano aliiacha koki wazi, kufuli akalitia mfukoni. Watu wakaanza kutawanyika bila kutazamana usoni. Bi Kidawa naye akashika njia ya kwao, mikono mitupu. Alipofika konani aligeuka. Ndoo zote zilikuwa pale pale kwenye foleni, kila moja na jiwe lake.