Mwachieni Kuta

Ulisikia. Usiniambie redio ilikuwa juu. Bati likingʼolewa hulia hadi mtaa wa pili, na wewe ulivuta pazia, ukaacha upenyo wa jicho moja. Ndivyo ulivyofanya kwa mjane wa fundi viatu, na kabla yake kwa yule mama wa mapacha. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, wanasema. Nyinyi mtaa mzima mnafaa kwa kuchungulia. Umesahau? Mimi sisahau.

Basi nikwambie ulichokuwa unakichungulia safari hii.

Lori lilirudi kinyumenyume mpaka mlangoni Jumamosi asubuhi, udongo wa kaburi la seremala haujakauka. Wakashuka watatu: kaka yake mkubwa, mdogo wake aliyekuwa dereva wa lori lenyewe, na dada yao, mwenye mdomo kama spika ya mkutano. Mjane wa seremala alikuwa amesimama kizingitini. Miguuni pake palikuwa na masanduku mawili, yamekwishafungwa kamba.

"Afadhali," wifi yake akasema. "Angalau huyu njia ya kutokea anaijua."

"Karibuni, shemeji zangu. Kabla hamjagusa kitu, kuna neno marehemu aliniachia..."

"Neno gani?" Kaka mkubwa alikuwa tayari anavua koti. "Mdogo wangu alikwenda kwa wakili, tunajua. Wosia unasomwa Jumatatu, tunajua. Na kilichomo tunakijua pia, maana ulikuwa unamnongʼoneza sikioni usiku na mchana. Nyumba apewe mke! Juu ya kiwanja cha baba yetu! Haya, upewe. Sisi tutakuachia kuta."

Wakaanza na milango.

Milango ile seremala aliichonga mwenyewe, mmoja mmoja, baada ya kazi za watu. Ule wa jikoni aliurudia mara mbili kwa sababu mkewe alisema unakwaruza sakafu. Sasa ulikuwa unapigwa nyundo kama mwizi.

"Shemeji, mlango huo ukitoka hivyo hautarudi," mjane akasema. "Nisikilizeni kidogo tu. Hii nyumba..."

"Mwanamke hana neno kwenye mali ya wanaume!" Aliyesema hayo ni wifi. Mwanamke. Alikuwa amebeba sinki la jikoni kifuani kama mtoto mchanga.

Dereva akaegemeza ngazi ukutani, akapanda juu ya paa. Ngazi ilikuwa inacheza. Mjane akatoka nje, akainua uso.

"Shemeji, shuka nikwambie. Ni jambo moja tu, halafu fanyeni mnavyotaka."

"Kama huna kazi, nishikie ngazi!"

Wakacheka wote watatu.

Hapo ndipo alipogeuka akatazama dirisha lako. Alikutazama wewe. Hakutaka umpiganie, alitaka mtu mmoja tu aje aseme, "Jamani, msikilizeni." Na wewe ukaliachia pazia likaanguka.

Mjane akafuta macho kwa kiganja. Hasira ilimkausha machozi palepale, na tangu saa hiyo hakulia tena wala kuomba kitu. Akaishika ngazi kwa mikono miwili. Msumari ulipogoma, akaingia ndani akarudi na mtaimbo wa marehemu.

"Tumia huu, shemeji. Kwa nyundo utachelewa, na wingu lile linakuja."

"Amekubali yaishe," kaka mkubwa akamwambia dada yake. "Nilikwambia, ukiwabana wanalainika."

Mabati yakashuka. Mbao za dari zikafuata, kisha fremu za madirisha, kisha swichi, nyaya zake zikabaki zinaningʼinia kama utumbo wa kuku. Vigae vya bafuni vilikataa kubanduka. Kaka mkubwa akavipasua kimoja kimoja, jasho linamtiririka.

"Kisichobebeka kivunjwe!" akasema. "Asikute hata pa kunawia uso."

"Na karakana?" dereva akauliza, anakaza kamba za mzigo. "Zile mashine?"

"Tutaifikia. Tumalize hapa kwanza."

Mjane alisikia. Alikuwa anaokota vipande vya vigae njiani, asije mtu akajikata.

Walipomaliza, ungeweza kusimama sebuleni ukahesabu ndege wanaopita. Ngurumo ikapiga kwa mbali. Wifi akajishika kiuno.

"Haya, mwenye nyumba! Leo utaoga bila ndoo!"

"Mmemaliza?" mjane akauliza. "Sasa naruhusiwa kusema?"

"Sema, mwenye nyumba," kaka mkubwa akasema, bado anacheka.

"Karakana iko kwa jina langu na la wanangu tangu mwaka juzi, pamoja na vyumba viwili vya nyuma. Watoto wako huko tangu jana. Mimi nilibaki niwakabidhi hizi."

Akatoa funguo mfukoni, akazibana kwenye kiganja cha kaka mkubwa, kilekile kilichokuwa kimeshika nyundo. Zilikuwa funguo za milango iliyolala juu ya lori.

"Kaka yenu alisema kiwanja ni cha baba yenu, kwa hiyo na nyumba yake iwe yenu, ili msije mkagombana na mimi."

Tone la kwanza likapiga sakafu ya sebule. Mjane akainua masanduku yake, akatoka mpaka katikati ya njia, akalielekea dirisha lako na kupaza sauti:

"Jirani! Acha hilo pazia utoke, sasa hivi! Wasaidie wenye nyumba kupandisha mabati yao, mvua hiyo!"