Bakuli la Kijiko

Hakuwa na digrii. Hakuwa na gari, wala feni iliyozunguka bila kulalamika, wala bosi wa kusoma barua inayozidi ukurasa mmoja. Zaidi ya yote, mkaguzi wa matangazo hakuwa na tumbo la kuvumilia kile alichokuwa akikitazama kwenye kioo.

Mwanamume alikuwa akila matumbo ya samaki wa juzi kwa mikono. Ute ulimchuruzika kidevuni hadi kwenye kola. Pembeni yake mtangazaji wa suti nyeupe alicheka huku ameziba pua.

"Bakuli halijaisha, Kijiko! Sheria ni ile ile, wapendwa watazamaji. Mkipungua, tunamwachia aende na pesa zake. Msipopungua, tunamwongezea!"

Akaonyesha pembeni, palipoandikwa idadi ya watazamaji. Mkaguzi hakuitazama. Alikuwa akimtazama Kijiko, mtoto wa dada yake.

Simu ikalia. Alikuwa dada mwenyewe.

"Kaka, jana amelala anajikunja kama mnyoo. Hata maji hayakai tumboni. Namwambia aache, anasema akiinuka mwenyewe hapati kitu, atakuwa amekula bure."

"Nitawafungia, dada. Nipe muda."

"Muda anao nani? Wewe au tumbo la mwanangu?"

Kuifungia televisheni, hata ile ndogo ya mtandaoni, kulitaka ushahidi. Ofisi yake ilikuwa na vituo vingine saba vya ukaguzi mikoani, na utaratibu wao ulikuwa mwepesi: kituo kimoja huchukua picha kutoka kwa mwenye televisheni, vingine vyote huiazima kwa hicho kimoja, kama majirani wanaochota kwenye bomba moja. Safari hii mkaguzi hakuutaka utaratibu huo. Alimpigia mama mmoja mcheshi, fundi wa kituo cha kaskazini.

"Mzee wangu, si tunachota kwako tu kama siku zote?"

"Hapana. Wakili wao atasema ni jicho moja, tena la mjomba mwenye uchungu. Kila kituo kichukue chenyewe, moja kwa moja kwao. Nataka macho mengi."

"Yaani sote tukae tumwangalie mtu anakula uoza?"

"Mkae mumwangalie."

"Na mimi nimetoka kula sasa hivi!"

"Basi kesho usile."

Akawapigia na wengine sita. Wote walinung'unika, wote wakatii.

Mchana ule ule, Jumatatu, namba ya watazamaji ilipanda hadi nane. Mtangazaji aliruka juu kama aliyeokota dhahabu. "Nani kasema hatupendwi? Mwongezeeni!" Wakaleta mayai viza, wakayapasua mbele ya kamera, yakamwaga maji ya kijani yenye mapovu. Kijiko akafumba macho, akanywa.

Mate machungu yalimjaa mkaguzi mdomoni. Akayatema kwenye kikapu cha takataka. Ajabu ni kwamba mtangazaji hakumchukiza sana. Yule alikuwa mchuuzi tu, anauza kinachonunuliwa. Waliomtia kinyaa ni wanunuzi.

"Ni watu gani hawa?" alimuuliza karani wake siku ya Jumatano, binti aliyekuwa akichapa barua meza ya pili. "Wana mama zao? Wana watoto?"

"Tena hawabanduki, baba. Tangu Jumatatu namba haijatikisika."

"Kupe! Wamejilaza kwenye makochi yao, wanakenua meno, wananyonya damu ya mtoto wa watu."

"Labda nao wanamwonea huruma."

"Huruma gani ya kukaa unatazama?"

Karani akarudi kwenye kuchapa.

Wiki nzima ilikwenda hivyo. Vituo vilirekodi, namba ikabaki pale pale, bakuli likajazwa. Mkaguzi aliacha kula chakula cha mchana. Kila aliyekutana naye kwenye ngazi, mkaguzi alimtazama mikono na mdomo, akijiuliza kama naye ni mmoja wa watazamaji wale.

Ijumaa, Kijiko aliangusha uso ndani ya bakuli. Walimwinua, wakampangusa kwa kitambaa cha kusugulia meza, wakamrudishia bakuli mikononi. Kichwa kilimlegea kama cha kuku aliyenyongwa.

Mkaguzi hakungoja tena. Aliketi akaandika kwa mkono wake, kwa sababu hasira yake haikutaka kuchapwa. Aliomba televisheni ile ifungiwe. Kisha akaongeza kwamba wanaoitazama nao watangazwe kwa majina, popote walipo na wawe na vyeo gani, kwa kuwa wao ndio wanaomlisha kijana huyu. Chini aliacha nafasi ya majina hayo, yatakapopatikana. Akaikunja barua, akaitia kwenye bahasha.

Ushahidi ulikuwa umetosha. Akashika simu.

"Kaskazini, inatosha. Zimeni."

"Alhamdulillahi! Leo nitakula."

Akapiga ya pili, na ya tatu. Kila alipoweka simu chini, mtangazaji alizidi kupoteza tabasamu. Alipomaliza ya saba, yule wa suti nyeupe alikuwa amepiga magoti mbele ya kamera, jasho likimtiririka, kidole kikionyesha pembeni ya kioo.

"Usituache, mpendwa! Wewe uliyebaki, wewe uliyekuwa nasi tangu siku ya kwanza kabla hawajaja wengine, usituache!"

Kwa mara ya kwanza mkaguzi aliitazama ile namba vizuri. Ilikuwa moja.

Akanyoosha mkono, akazima kioo chake.

Feni iliendelea kulalamika. Akaitoa barua kwenye bahasha, na katika ile nafasi akaandika vituo saba, na juu ya vyote jina lake mwenyewe. Akalamba gundi, akaifunga, akampa karani akaitume.